Uzi wa wenye magari madogo yaliyokuja bila tairi la spea wala jeki: tunayapata wapi na tunayapimaje kabla ya kulipa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za leo.

Jambo hili ninalo moyoni tangu mwezi uliopita, nimeona nilimwage hapa maana najua wengi wetu tunatembea na hatari hii bila kujua.

Nina Vitz ya kizazi cha tatu, KSP130, injini ya lita moja, nimeagiza Japani. Mwaka na nusu nimeizungusha Dar bila shida. Safari ya kwanza ndefu ilikuwa Iringa, nimembeba mama yangu mzazi, ana miaka 71. Tumepita Doma, tumeingia Hifadhi ya Mikumi, saa kumi na moja jioni na ushei. Mbele basi likatoka kulipita lori, likaja upande wangu. Nikalitupa gari kushoto. Pale ukingo wa lami umemeguka, una kingo kali kama jino la msumeno. Nikasikia kishindo, usukani ukavuta, nikasimama.

Nafungua buti, nanyanyua zulia, nanyanyua ubao. Shimo la duara la kuwekea tairi lipo. Ndani yake hakuna tairi. Kuna sinia jeusi la foamu, na kwenye sinia kuna kichupa cha dawa, kipampu cha kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti cha gari, na ndoano ya kuvutia gari. Jeki hakuna. Spana hakuna. Maandishi ya kichupa yote ni ya Kijapani, ila tarakimu nilizisoma: muda wake uliisha 2017.

Nikakijaribu hivyo hivyo, ningefanyaje? Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, urefu wa kidole. Dawa nyeupe ikatokea palepale palipochanika, ikachuruzika kwenye lami. Kipampu kinanguruma, tairi limelala.

Jua linazama. Mama yuko ndani, anasali kimyakimya, namwona midomo inavyocheza. Swala wako mita hamsini kutoka barabarani. Pale si mahali pa kushuka na kutembea kutafuta fundi.

Dereva wa lori alisimama, Mungu ambariki. Ana jeki ya chupa, kubwa. Tukaisukuma chini ya gari, haiingii. Vitz iko chini, na tairi likishalala bodi inashuka zaidi, jeki ni ndefu hata ikiwa imefungwa mpaka mwisho. Ndipo akaja kijana na IST ya zamani. Yeye ana jeki ya mkasi, ana spana, na ana spea nyembamba ya dharura. Akasema, "Mkuu, hii itakaa, tundu ni zilezile." Ikakaa. Akatufuata nyuma mpaka Mikumi mjini, mwendo wa 60, nikanunua tairi la mtumba, nikamrudishia spea yake. Pesa alikataa.

Niliporudi Dar sikulala mpaka nimepata vya kwangu. Nieleze nilivyofanya, pamoja na kosa nililofanya kwanza.

Kosa lenyewe: nilikwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea za magari Dar, nikasema "nataka rimu ya 14 ya nati nne". Nikapewa rimu ya chuma, nikahesabu tundu nne, nikalipa. Nyumbani inaingia, lakini inacheza pale katikati kabla ya kukaza nati. Nikaipeleka kwa fundi wa pancha mtaani, akaitazama mara moja tu: "Hii ya Nissan." Toyota na Nissan ndogo nyingi zote zina nati nne kwenye duara la milimita 100, wanaandika 4x100. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54.1, la Nissan ni 60.1. Ya Nissan kwenye Toyota inaingia ikiwa na nafasi, hivyo rimu haiegemei habu (kile kitovu cha gari inakofungwa rimu), inategemea nati peke yake kukaa katikati. Ya Toyota kwenye Nissan haiingii kabisa.

Nikarudi, safari hii na gari lenyewe. Nikapata rimu ya chuma ya Toyota yenye tairi 165/70R14, saizi ileile ninayotumia. Nilitoa 90,000 baada ya kuvutana sana, na jeki ya mkasi na spana ya nati za 21 nikatoa 30,000. Hiyo ni bei yangu ya siku ile, msije mkanishikia.

Tairi zima limeingia kwenye shimo, ila ubao ulinyanyuka kama vidole viwili. Nikanunua foamu ngumu nikaikata kuzunguka tairi, ubao umelala sawa. Sehemu ya kufungia tairi pale chini ya shimo ipo, ila ile skrubu ndefu yenye kichwa kama sahani haikuwepo. Nayo nimeipata kwa wanaochinja magari.

Karibuni mwenye la kuongeza, hasa wa magari mengine.

#2 Mzee wa Premio

Pole sana mkuu, na mpe pole mama.

Wengi hawajui kwamba Wajapani hawakusahau kuweka. Wameondoa kwa makusudi: gari liwe jepesi, litumie mafuta kidogo, buti ipate nafasi, na kwao ukipata pancha unapiga simu unasubiri gari la huduma. Mfumo wa kwao umejengwa hivyo. Sisi gari linakuja, mfumo unabaki Yokohama.

Niongeze namba za waliokuwa wanaulizana kule kwenye uzi wa magurudumu. Premio na Allion za T260 ni nati tano, 5x100. Prius ya kizazi cha tatu nayo 5x100, lakini Prius ya kizazi cha kwanza ni 4x100. IST ya kwanza ni 4x100, IST ya pili ni 5x100. Kwa hiyo ukienda dukani ukasema "spea ya IST" bila kusema ipi, umejitafutia safari ya pili. RAV4, Harrier na Mark X ni 5x114.3.

#3 Fundi pancha, Tabata

Mimi ni fundi wa matairi miaka kumi na mbili. Mleta uzi umeeleza vizuri, nichomekee ya kazini.

Kwanza dawa ya kichupa. Ile imetengenezwa kwa tundu dogo la msumari kwenye sehemu inayokanyaga lami, kama milimita nne hivi. Ubavuni haifanyi kazi hata ikiwa mpya. Na ukishaitumia mwambie fundi kabla hajafungua tairi. Inaganda mle ndani, inaziba vali, na sisi tunaoga dawa hiyo usoni.

Pili, tairi la spea la mtumba msiangalie kashata (yale meno yanayokanyaga lami) tu. Spea haijatembea, kashata lake litakuwa zima siku zote. Angalia umri. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Watengenezaji wenyewe wanasema tairi likifika miaka kumi litolewe hata kama linaonekana jipya. Likunje ubavu kwa dole gumba, tazama chini ya vali na pale mpira unapokutana na rimu. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, liache hapohapo.

Tatu, ile spea nyembamba, ile ya T mbele ya namba, mfano T105/70D14 au T125/70D15. Hiyo upepo wake ni 60 psi, yaani 420 kPa, na imeandikwa ubavuni mwake. Wateja wanakuja wamejaziwa 30 kama tairi la kawaida. Ukilifunga linakaa kama chapati. Na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Ni la kukufikisha kwa fundi.

Likiwa dogo kuliko matairi mengine, usiliweke mbele kwenye gari linalovuta kwa mbele kama una safari ya kutosha kidogo. Toa tairi zima la nyuma lihamie mbele, spea ikae nyuma. Kazi inakuwa mara mbili, najua, lakini difu haiteseki na breki zinashika sawa.

#4 Wa Mvita

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa.

Mimi nina Nissan Note, E12. Nami nilikuta kichupa. Nilipitia yaleyale ya mleta uzi ila kinyume chake, nikauziwa rimu ya Toyota, ikagoma kuingia kwenye habu. Spea niliipata Nairobi, Kirinyaga Road, kwenye gari la Note lililogongwa mbele.

Nataka kuwaonya juu ya nati. Toyota, Honda na Mazda nati zao ni M12x1.5 (unene milimita 12, nafasi kati ya meno 1.5). Nissan na Subaru ni M12x1.25. Ukizitazama mezani ni sawasawa. Ukilazimisha ya 1.5 kwenye stadi (boliti ya habu) ya 1.25 inaingia mizunguko miwili halafu inabana, kijana akitia bomba refu kwenye spana akaikaza, stadi imekwisha. Yangu moja ilikufa hivyo. Nati yoyote ianze kwa vidole. Ikikataa vidole, haitaki spana.

#5 Mleta uzi

@Wa Mvita hili la nati sikulijua kabisa, ahsante sana.

@Fundi, la 60 psi nimelithibitisha. Nimemwomba jirani mwenye spea nyembamba tupime: ilikuwa na 18. Amekuwa akitembea nayo miaka minne akijua ana spea.

#6 Fit Hybrid

Wakuu na sisi wa Honda Fit mseto mtusaidie. GP5 haina hata shimo. Ukinyanyua ubao wa buti, chini kuna betri kubwa la mseto. Nimeambiwa niweke tu tairi kwenye buti, basi. Na je, rimu ya Vitz itanifaa? Naziona nyingi.

#7 Mzee wa Premio

Mkuu rimu ya Vitz haiingii kwako. Tundu la kati la Honda ni 56.1, la Toyota 54.1. Milimita mbili tu lakini haiingii. Tafuta ya Fit yenyewe.

Na ukipata, angalia kikalio cha nati. Nati za asili za Honda mdomo wake ni wa mviringo kama mpira, za Toyota ni wa pembe kama koni. Rimu ya Honda inataka nati ya mviringo. Kama gari lako limefungwa rimu za spoti za kununua, huenda nati zako ni za koni, kwa hiyo pamoja na spea nunua nati nne zinazoendana nayo uziweke kwenye mfuko mmoja na spana.

#8 Fundi pancha, Tabata

@Fit Hybrid kuweka tairi kwenye buti sikatai, lakini lifunge. Tairi na rimu yake ni kama kilo kumi na tano. Ukikanyaga breki ya ghafla, au gari likipinduka, hicho kitu kinaruka kuja kwenye vichwa vya watoto waliokaa nyuma. Tafuta mkanda wa kubania mizigo, pitisha katikati ya rimu, funga kwenye zile pete za sakafuni. Kamba ya manila hapana, inalegea.

Na kwa kuwa hutaki kulibeba kila siku mjini, weka pampu ya umeme na vifaa vya kuziba kwa kamba ndani ya gari muda wote, tairi lipakie ukisafiri. Pancha nyingi ninazoziba ni msumari au skrubu, na hizo kamba inazimaliza barabarani bila hata kutoa tairi. Mwombe fundi wako akufundishe kwenye tairi bovu, ni dakika kumi.

#9 Dada wa Dodoma

Jamani mimi nina Passo, na spea ninayo, jeki ninayo, spana ninayo. Nilipata pancha kati ya Gairo na Kibaigwa, peke yangu. Nati hazikufunguka. Nimevuta mpaka viganja vimetoka malengelenge. Nimekaa pale saa mbili mpaka gari la watu wenye familia likasimama, na nilikuwa naogopa kila anayesimama. Kwa hiyo kuwa na vifaa peke yake hakukunisaidia. Tatizo lilikuwa nini?

#10 Fundi pancha, Tabata

Dada pole. Kosa ni letu mafundi, nalisema wazi. Tunakaza kwa mashine ya upepo mpaka inalia, mteja anaondoka, hatufikirii siku atakayofungua kwa mkono. Kipimo cha nguvu ya kukaza nati za Toyota ndogo ni kama 103 Nm, na hicho mtu wa kawaida anakifikia kwa spana ya kawaida bila kupiga kelele. Kuanzia leo ukienda kwa fundi mwambie amalizie kwa mkono, na usimame hapo.

Ukikwama tena: legeza nati gari likiwa bado chini, kabla ya jeki. Likishanyanyuliwa tairi linazunguka na wewe unaweza kuliangusha. Spana ielekee kushoto, usawa wa ardhi, halafu usivute kwa mikono. Shika gari, panda na mguu kwenye mwisho wa spana, uzito wako wote ushuke. Spana fupi iliyokuja na gari ibadilishe, nunua ndefu, au ya msalaba.

#11 Mleta uzi

Dada wa Dodoma umenigusa, maana nilipomaliza kununua nilidhani nimemaliza. Nilichokifanya baadaye, mke wangu ndiye aliyelazimisha.

Jumamosi tuliliweka gari uani, nikalitoa upepo tairi la mbele kushoto mpaka likalala kabisa, kama lilivyokuwa Mikumi. Kisha tukajaribu jeki. Ndiyo maana nasema jeki isipimwe gari likiwa limesimama vizuri. Ile niliyonunua iliingia ikiwa imefungwa hadi mwisho, ikabaki nafasi ya kama sentimita tatu. Ingekuwa ndefu kidogo tu nisingejua hadi nifike porini.

Mahali pa kuweka nalo tulihangaika. Ukilala chini ukatazama ukingo wa bodi, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma, utaona mikato miwili midogo kwenye bati. Kichwa cha jeki kikae katikati ya mikato hiyo. Mke wangu aliiweka mbele zaidi, nikasikia bati linalia, tukashusha upesi.

Breki ya mkono juu, gia kwenye P, jiwe kwenye tairi la nyuma la upande wa pili. Ubao wa futi moja chini ya jeki, kwa sababu uani kwetu ni mchanga na barabarani pembeni ni mchanga vilevile. Tairi linalotoka linalazwa chini ya bodi, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi, lisiangukie mguu wa mtu. Nati zinaanza kwa vidole, zinakazwa kwa kukatiza, hii kisha ya mkabala wake, gari likishuka zinakazwa tena. Ukitembea kama kilomita hamsini simama uzikague.

Mara ya kwanza tulitumia dakika hamsini. Mara ya tatu mke wangu peke yake alitumia dakika kumi na nane, nimemhesabia.

#12 Ng'wana Mwanza

Mimi malalamiko yangu ni mengine. Gari langu kwenye picha za mnada lilikuwa na spea na jeki, nimezihifadhi. Limefika mikononi mwangu shimo ni tupu. Kila niliyemuuliza njiani ananielekeza kwa mwingine. Mnaoagiza, ombeni picha ya buti ubao ukiwa umenyanyuliwa, na siku ya kupokea gari fungua buti kabla hujasaini chochote. Mimi nilisaini kwanza.

#13 Wa BMW

Je, sisi wa matairi yanayotembea bila upepo? Yangu E90.

#14 Mzee wa Premio

Yakiwa ndiyo yaliyofungwa, kwa kawaida unapewa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Dar hadi Kibaha inatosha. Lakini magari mengi ya aina hiyo yakishakaa huku watu wanafunga matairi ya kawaida, na gari halina shimo la spea wala jeki. Tazama ubavuni kama limeandikwa RSC au Run Flat. Kama hakuna, wewe ni mwenzetu, tafuta rimu ya 5x120 yenye tundu la 72.6.

#15 Fit Hybrid

Mrejesho. Nimepata rimu ya Fit ya chuma na tairi la 2021, nimeifunga mbele na nyuma palepale dukani, nimeizungusha kwa mkono, haigusi breki. Muuzaji alinuna kwa kumchelewesha lakini alisubiri. Mkanda nimenunua wa kukaza kwa wenzo. Kesho Arusha.

#16 Dada wa Dodoma

Nami mrejesho. Nilikwenda kwa fundi wangu, nikamwomba alegeze nati zote kumi na sita akaze kwa mkono. Alicheka kwanza, nikamweleza ya Kibaigwa, akaacha kucheka. Leo asubuhi nimepanda juu ya spana kama Fundi alivyosema, nati imelia "kra", ikalegea. Nimezifungua zote nne za tairi moja, nimezirudisha. Zilizobaki nafanya Jumapili.

#17 Mleta uzi

Hongera sana dada. Ukifika tairi la nyuma kulia, angalia kama kuna nati moja yenye umbo tofauti na wenzake. Kwenye Vitz yangu ndipo alipofunga nati ya kufuli mwenye gari wa Japani, na ufunguo wake niliukuta ndani ya mfuko wa kitabu cha gari, kwenye dashibodi. Sasa uko pamoja na spana.